Mshirika Asiyeulizwa



Muhula huu katika somo la fiqhi ya muamalat tumekaa muda mrefu kwenye mlango wa sharika, yaani ushirika wa mali. Wengi wetu tuliuona ni mlango mwepesi. Watu wawili wanachanganya mitaji yao, wanafanya biashara, faida inagawanywa kwa kadiri ya mali ya kila mmoja, na hasara vivyo hivyo. Mifano ya vitabuni ni ya ngano, tende na dirhamu. Swali lililonikaa kichwani ni lile ambalo vitabu hivyo havikulikuta kwa sura yake ya leo. Kampuni ina wenye mali maelfu kwa maelfu wasiojuana. Siku moja inaunganishwa na kampuni nyingine kwa makubaliano ya watu wachache waliofungiana chumbani. Je, yule mwenye hisa kumi ameingia katika ushirika mpya kwa ridhaa yake, au amebebwa tu?

Swali hili si la mbali nasi. Desemba 2021 MTN Uganda iliingia katika soko la hisa la Kampala, na hisa moja iliuzwa kwa umma kwa shilingi 200. Airtel Uganda ikafuata mwaka 2023 kwa shilingi 100. Mwanafunzi aliyejinyima kidogo anaweza kuwa mwenye mali katika kampuni ya simu, na wapo wenzetu waliofanya hivyo. Kampuni mama zote mbili ziko nje ya nchi. Wakubwa wetu wanakumbuka jinsi laini ileile ilivyoitwa Celtel, halafu mwaka 2008 ikaitwa Zain, halafu mwaka 2010 ikawa Airtel, baada ya Zain ya Kuwait kuiuzia Bharti Airtel ya India biashara yake katika nchi 15 za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Mteja aliamka akakuta rangi ya vocha imebadilika. Mteja hana la kudai, kwa sababu yeye hununua huduma. Mwenye hisa ana la kudai, kwa sababu yeye ni mwenye mali.

Kisa ninachotaka tukitazame, hata hivyo, ni cha Ujerumani. Nimekichagua kwa sababu kilifika mahakamani, na mambo ambayo kwa kawaida hubaki ndani ya vyumba vya wakurugenzi yakaelezwa hadharani.

Mannesmann ilianzishwa mwaka 1890 ikiwa kampuni ya kutengeneza mabomba ya chuma yasiyo na mshono. Makao yake yalikuwa Düsseldorf. Karne moja baadaye ikaingia katika simu za mkononi, mtandao wake ulioitwa D2 ukaanza kazi mwaka 1992, na kufikia mwisho wa muongo ule simu ndizo zilizokuwa roho ya kampuni. Katika D2 haikuwa peke yake. Kampuni ya Marekani iliyoitwa AirTouch ilikuwa na takriban theluthi moja ya mtandao huo, na mwaka 1999 Vodafone ya Uingereza ilipoungana na AirTouch, sehemu hiyo ikawa ya Vodafone. Kwa hiyo Mannesmann na Vodafone walikuwa washirika, kwa maana yenyewe ya neno hili.

Oktoba 1999 Mannesmann ilikubaliana kuinunua Orange, kampuni ya simu ya Uingereza. Maana yake iliingia uwanja wa nyumbani wa mshirika wake na kugeuka mshindani wake. Mwenye sehemu kubwa katika Orange alikuwa Hutchison Whampoa ya Hong Kong, na sehemu ya malipo ilikuwa hisa za Mannesmann. Hivyo Hutchison ikawa na takriban asilimia 10 ya Mannesmann, sehemu iliyoifanya kuwa mwanahisa mkubwa kuliko wote. Ndugu msomaji, shika jambo hili, maana huyu mshirika mpya tutakutana naye tena.

Mwezi uliofuata mkuu wa Vodafone, Chris Gent, alipeleka pendekezo la kuzichanganya kampuni hizi mbili. Klaus Esser, mkuu wa Mannesmann, alikataa. Gent akapita juu ya kichwa chake na kuwaendea wanahisa moja kwa moja. Vyama vya wafanyakazi vilipinga, na Kansela Gerhard Schröder hakuficha kutoridhika kwake. Lakini wanahisa wengi wa Mannesmann hawakuwa hata Ujerumani, na bei ilikuwa inapanda kila wiki. Mwanzoni mwa Februari 2000 Esser alikubali. Wenye Mannesmann wangepewa hisa za Vodafone, kiasi cha kumiliki asilimia 49.5 ya kampuni ya pamoja. Thamani ilihesabiwa kuwa karibu yuro bilioni 180, na hapo kabla dunia haikuwa imeona ununuzi wa kampuni mkubwa kama huo.

Sasa turudi kwenye kitabu. Imam Nawawi, ambaye madhehebu yetu ya Shafi yanamtegemea sana, anaeleza katika Minhaj al-Talibin kwamba mshirika ana ruhusa ya kuiendesha mali ya ushirika bila ya kuleta madhara. Haiuzi kwa mkopo. Haiuzi kwa hasara ya kupindukia. Hasafiri nayo, wala hamkabidhi mtu mwingine aifanyie biashara, ila kwa idhini ya mwenzake. Na kila mmoja anaweza kuuvunja mkataba wakati wowote atakapo. Niliposoma kwamba mshirika hasafiri na mali bila idhini nilitabasamu, kwa sababu nilikuwa nawaza juu ya mtaji uliolala Düsseldorf na kuamkia Newbury, mji mdogo wa Uingereza yalikokuwa makao ya Vodafone.

Mtu atasema mifano hii hailingani. Kampuni si wauza tende wawili, na ukitaka ruhusa ya kila mwenye hisa hakuna biashara itakayofanyika. Nakubali. Tena wanachuoni wa zama zetu hawakulikwepa jambo hili. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1992, lilieleza kwamba anayeuza hisa anauza fungu lisilogawanywa katika mali ya kampuni. Aliyenunua hisa moja, basi, ana fungu katika minara, magari, madeni na jina zuri la kampuni. Vilevile alinunua huku akijua, au alipaswa kujua, kwamba katiba ya kampuni inawapa wengi nguvu ya kuamua. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Waislamu hushikamana na masharti yao. Kwa hiyo idhini ilitolewa mapema, siku ya kununua. Na asiyependa anaenda sokoni kuuza hisa zake, jambo ambalo mshirika wa zamani hakuweza kulifanya kwa urahisi huo.

Hoja hii ina nguvu, na kwa Mannesmann ina nguvu zaidi, kwa sababu pale wanahisa hawakuburutwa. Kila mmoja alipelekewa pendekezo, na karibu wote walikubali kubadilisha hisa zao. Thamani ya hisa iliongezeka zaidi ya maradufu ndani ya miezi isiyozidi minne. Nani angelalamika?

Mimi nadhani hapo ndipo tunapokosea, tunapodhani kwamba suala lote ni bei na kura. Qur'ani katika Surat an-Nisaa aya ya 29 inahalalisha mali zetu kwa biashara ya kuridhiana. Kuridhiana kunahitaji mtu ajue anachokiridhia. Mwanahisa mdogo wa Mannesmann hakuwa ndani ya chumba. Alichokijua ni kile alichoambiwa na wakala wake. Kwa miezi mitatu wakala huyo alimwambia, kwa matangazo ya kurasa nzima magazetini, kwamba Vodafone haifai. Ikafika siku wakala akasema inafaa. Bei ilikuwa imepanda, ni kweli, na sisemi kwamba Esser alidanganya. Mpaka leo hakuna mahakama iliyosema hivyo. Ninachouliza ni kama mtu anayesema ndiyo kwa niaba yangu ana chochote anachokula kutokana na ile ndiyo.

Kilichotokea ni hiki. Katika siku zilezile za makubaliano, Hutchison, yule mshirika mpya, ilipendekeza Esser apewe zawadi ya paundi milioni 10 kwa kupandisha thamani ya kampuni, na Vodafone haikupinga. Hutchison haikuitoa mfukoni mwake. Zililipwa kutoka hazina ya Mannesmann. Kamati ndogo ya bodi ya usimamizi iliidhinisha, na malipo kwa Esser, kwa wakurugenzi wenzake na kwa wakuu waliostaafu yalifika takriban yuro milioni 57. Mmoja wa waliokaa katika kamati hiyo alikuwa Josef Ackermann wa Deutsche Bank. Mwingine alikuwa Klaus Zwickel, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuma, IG Metall, chama kilekile kilichokuwa kimepinga muungano. Zwickel hakupiga kura ya kukubali wala ya kukataa. Alijizuia, na uamuzi ukapita.

Msomi wa hadithi ameshafika mbele yangu. Anamkumbuka Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi na mafungu mawili, moja akisema ni la Waislamu na jingine akisema yeye amezawadiwa. Kisa chake kimo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) hakuuliza kama waliompa walimpa kwa moyo safi. Aliuliza, kwa maana, kama zawadi ile ingemfikia lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake asitumwe popote. Swali ni la sababu ya zawadi. Na wanachuoni wetu wa Shafi wakaenda mbele zaidi katika mlango wa uwakala, wakasema wakala aliyetumwa kuuza hawezi kujiuzia mwenyewe, hata kama bei ni ya haki, kwa sababu ya tuhuma. Napenda sana hukumu hii. Haisubiri uhaini uthibitike. Inatazama mahali mtu aliposimama, kwamba mkono mmoja unataka bei ipande na mkono wa pili unataka ishuke, na mikono yote ni ya mtu mmoja.

Esser hakujiuzia Mannesmann. Hilo lazima tuliseme. Alipigana na Vodafone kwa ukali, na kupigana kwake ndiko kulikopandisha bei. Watetezi wake walisema wanahisa walipata mabilioni, basi milioni chache kwa aliyewapatia si dhambi. Ingekuwa Hutchison imeitoa kutoka faida yake, mimi ningeinyamazia. Ingekuwa hiba ya mtu katika mali yake. Lakini mwenye fungu moja katika kumi aliamua kumkirimu mtu kwa mafungu yote kumi. Na wakati huo kampuni ilikuwa haitarajii tena huduma yoyote kutoka kwa Esser, kwa sababu alikuwa anaondoka. Mshahara hulipwa kwa kazi iliyoahidiwa. Mkataba wake ulikuwa umeshamlipa kwa kazi ile, na hii ilikuwa juu yake.

Tena kuna jambo ambalo sijaona likisisitizwa inavyostahili. Wenye mali walipewa karatasi. Wakala alipewa fedha taslimu. Machi 2000 hisa ya Vodafone ilikaribia paundi nne, halafu mapovu ya teknolojia yakapasuka, na mwaka 2002 hisa hiyohiyo ilikuwa imeshuka hadi chini ya paundi moja. Aliyeuza mapema alinusurika. Babu wa Düsseldorf aliyebaki nazo kwa sababu hakuwa na mshauri hakunusurika. Sidai kwamba Esser au Gent walijua yatakayokuja, hakuna aliyejua. Ndiyo maana fukahaa wanaogopa gharar. Wakati pande zote mbili hazijui, tofauti ya nani amelipwa taslimu na nani amelipwa kwa matarajio inakuwa tofauti kubwa.

Upande wa Uingereza haukuwa mtulivu pia. Gent naye alipewa bonasi ya paundi milioni 10 kwa kufanikisha ununuzi, nusu taslimu na nusu hisa. Wanahisa wa Vodafone, hasa wanaowakilisha mifuko ya pensheni, walikasirika wazi katika mkutano mkuu wa mwaka 2000. Hoja yao ilikuwa nyepesi na nzuri: kununua si mafanikio, mafanikio ni kile ununuzi utakachozaa, na hilo halijaonekana bado. Bonasi ilipita. Miaka sita baadaye, mwaka 2006, Vodafone ilipunguza kwenye vitabu vyake zaidi ya paundi bilioni 20 za thamani, sehemu kubwa ikiwa ni ya biashara yake ya Ujerumani. Mfuko wa pensheni ni mali ya mwalimu, dereva na muuguzi. Ukiuliza nani alikuwa mshirika asiyeulizwa katika kisa hiki, mimi ningemtaja mwalimu wa shule huko Leeds kabla ya kumtaja mwekezaji yeyote wa Frankfurt.

Waendesha mashtaka wa Ujerumani waliwafikisha mahakamani Esser, Ackermann, Zwickel na wenzao. Kesi ilisikilizwa Düsseldorf mwaka 2004, wakaachiwa huru. Desemba 2005 mahakama ya juu ikaitengua hukumu ile na kuamuru kesi isikilizwe upya. Jaji kiongozi alitumia mfano ambao ungependeza katika darasa letu. Alieleza kwamba wajumbe wa bodi ile hawakuwa wenye shamba, bali wasimamizi wa shamba. Mahakama ikaona kwamba malipo ambayo hayailetei kampuni faida yoyote ni kutapanya mali ya wengine. Nilikuwa nimezoea kusikia neno amana likitajwa mimbarini tu, na kulikuta kwa maana yake kamili katika hukumu ya majaji wa Karlsruhe kulinifanya niwaheshimu.

Ninaporudia kisa hiki na wenzangu bwenini, wengi humkasirikia Esser. Mimi hunisumbua zaidi Zwickel. Yeye alikuwa pale kwa niaba ya wafanyakazi. Alieleza baadaye kwamba hakutaka kuzuia, na pia hakutaka kuunga mkono. Je, aliyejizuia ametekeleza amana? Katika ndoa ukimya wa bikira huhesabiwa idhini, lakini hukumu hiyo ina sababu yake, ni haya. Kwa jumla fukahaa wanasema asiyesema hahesabiwi kuwa amesema, kisha wanaongeza kwamba kunyamaza mahali panapohitaji kauli ni kauli. Kiti cha kamati kile kilikuwa mahali panapohitaji kauli. Nadhani hoja ya kwamba hakunufaika hata senti moja, ambayo ni ya kweli, inampunguzia lawama lakini haimtoi.

Na hapa ndipo ninapotaka sisi wanafunzi, hasa wenye zile hisa za shilingi 200, tujipime. Tunapenda kusema hisa ni halali au haramu, tukitazama kama kampuni inauza pombe au ina riba nyingi. Ni sawa. Lakini mwenye hisa ana wakala, na uwakala una hukumu zake. Ni nani kati yetu aliyewahi kufungua ripoti ya mwaka ya kampuni yake akatafuta ukurasa wa malipo ya wakurugenzi? Au kusoma hati ya kuingia sokoni mahali inapoeleza kampuni mama inaweza kufanya nini na sehemu yake bila kumuuliza yeyote? Mwenzangu mmoja aliniambia, "Akhi, nina hisa mia tano, watanisikiliza mimi?" Nikamwambia hawatamsikiliza. Lakini karatasi ya kumteua mtu wa kumwakilisha katika mkutano mkuu hutumwa kwake pia, na akiitupa amefanya kama Zwickel kwa kiwango chake. Hakufurahi. Tuliendelea kubishana mpaka adhana ya Ishaa.

Jambo moja sijaweza kulitatua, na nawaachia wajuzi. Novemba 2006 kesi ya pili ilikomeshwa bila hukumu ya hatia, kwa makubaliano kwamba washtakiwa walipe jumla ya yuro milioni 5.8. Fedha hizo ziligawanywa kati ya hazina ya serikali na taasisi za hisani. Kwa fiqhi, mali iliyochukuliwa pasipo haki hurudi kwa mwenyewe kabla ya kufikiria sadaka. Sadaka ni ya mali ambayo mwenyewe hajulikani. Mwenyewe hapa alikuwa nani? Mannesmann ilikuwa imeshamezwa. Vodafone, iliyoimeza, ndiyo iliyoyaachia malipo yale yapite, kwa hiyo haiwezi kudai. Wanahisa wa zamani walikuwa wameshauza au wameshabadilisha hisa, wametawanyika duniani, wengine wameshafariki na hisa zao zimerithiwa. Ustadhi wetu alipoulizwa alifikiri kidogo, kisha akatuuliza kama daftari la wanahisa la Februari 2000 bado lipo.